Kalipa, maikromita au dayo geji? Namna ya kuchagua kipimo kabla hujatoa hela

Juzi mpwa wangu aliingia karakanani kwetu Unga Limited na shafti ya mashine ya kusaga, kaifungia kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. "Shikamoo mjomba." Nikaitika marahaba bila kuinua kichwa, maana nilikuwa nimeinamia mashine ya kukereza. "Hii nimeikereza mwenyewe, nikaipima kwa kalipa ya kidijitali, inasoma milimita 30.01. Lakini beringi nikiivalisha inazunguka ovyo juu yake." Nikaipima kwa maikromita, kipimo kinachobana kwa skrubu: 29.98.

Akaiangalia kalipa yake, ile rula yenye taya, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kumbe kalipa haikuwa mbovu. Ile tofauti ya 0.03 ilitoka sehemu mbili. Kalipa nyingi za kidijitali huonyesha hadi 0.01 ya milimita, lakini watengenezaji wenyewe wanakubali kwamba inaweza kukosea 0.02 au hata 0.03. Pili, kijana aliipima shafti ikiwa bado ya moto kutoka kwenye kisu. Chuma cha milimita 30 kikiwa na joto la nyuzi 25 zaidi ya hewa ya karakana kinanenepa karibu maikroni 9, yaani 0.009 ya milimita. Jumlisha.

Sasa beringi yenyewe ni namba 6206: tundu milimita 30, nje 62, upana 16. Kwa kazi kama ile shafti hukerezwa kwa kipimo kinachoandikwa k6 kwenye majedwali ya mafundi, yaani kati ya 30.002 na 30.015. Nafasi nzima ya kukosea, ambayo mafundi tunaiita toleransi, ni maikroni 13. Kutafuta maikroni 13 kwa kifaa kinachoweza kukosea 20 ni kama kupima chumvi ya mboga kwa mizani ya mkaa.

"Basi mjomba, kwa hela niliyonayo ninunue kipi?"

Mgawanyo wa darasani, na ule ninaoutumia mimi

Yeye yuko Chuo cha Ufundi Arusha, kwa hiyo daftari lake limejaa aina za vipimo. Kuna vipimo vya asili, kama galvanomita ya tanjiti (kipima mkondo wa umeme chenye sindano ya dira), vinavyotoa jibu kutokana na umbo lake na kanuni za fizikia bila kulinganishwa na kingine. Na kuna vya pili, vilivyowekewa alama kwa kulinganishwa, ambavyo ndivyo karibu vyote tunavyovigusa. Kuna vinavyoonyesha tu (voltimita), vinavyochora kumbukumbu (chati ya joto la boila) na vinavyojumlisha (mita ya LUKU, ambayo haijali umeme wa dakika hii bali uniti ulizokwisha kula). Kuna vya mshale na vya tarakimu, vinavyogusa na visivyogusa. Kuna vinavyopotoka, kama mizani ya springi, na vinavyosawazishwa mpaka sifuri, kama mizani ya mawe pale sokoni au daraja la Wheatstone, saketi ya kupimia ukinzani wa umeme.

Huo ni mgawanyo wa kweli na mtihani utauuliza. Ila ukisimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa haukuvushi mbali. Mimi naanza na swali ambalo kazi inauliza, na maswali ni matatu tu. Je, nataka kujua *ni ngapi*? Au nataka kujua *imetofautiana kiasi gani* na kitu ninachokiamini? Au nataka tu kujua *inaingia au haiingii*? Kila swali lina ukoo wake wa vipimo, na makosa mengi ya kununua huanzia hapo: mtu ana swali la pili, ananunua kifaa cha swali la kwanza.

Baada ya hapo ndipo naangalia toleransi. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba kosa la kipimo lisizidi sehemu moja ya kumi ya toleransi. Ikishindikana kabisa, sehemu moja ya nne. Angalia *kosa* lake, usidanganywe na tarakimu zinazoonekana kwenye kioo.

Urefu na unene

Tepu na rula ya chuma sitazijadili sana. Ila usiing'oe wala usiigongee ile ndoana ya tepu inayochezacheza. Imeachwa icheze kwa makusudi, kwa kiasi cha unene wake, ili jibu liwe sawa ukivuta na ukisukuma.

Kalipa ziko za aina tatu. Ya venia, iliyotokana na wazo la Mfaransa Pierre Vernier la mwaka 1631, ina vijigawanyo 50 vilivyobanwa ndani ya milimita 49, na ile tofauti ya kila kimoja ndiyo inayokupa 0.02. Haina betri wala gia. Inataka macho mazuri na mwanga, basi. Ya saa ni rahisi kusoma, lakini ina meno madogo ambayo yakimeza chembe ya chuma, mshale unaruka na hutajua umeruka lini. Ya kidijitali ndiyo kila mtu anaitaka. Inasomeka haraka, unaweka sifuri popote, unabadili inchi na milimita kwa kitufe. Ubaya wake: maji ya kupozea yakiingia kwenye kipimio chake, ule mstari inakosomea urefu, inaanza kuropoka, na zile za bei ya chini zinakula betri hata zikiwa zimezimwa.

Kama ni kwa kujifunzia, mimi nitamwambia mtu anunue ya venia. Vijana hawanielewi, wanasema ni uzee.

Kalipa na maikromita zinatofautiana kwa jambo ambalo wengi hawalioni. Mwaka 1890 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kanuni kwamba mstari wa kipimio unapaswa kuwa katika mstari mmoja na kitu kinachopimwa. Kalipa inaivunja kanuni hiyo: kipimio kiko kwenye ubao, yaani mwili wake mrefu, kazi iko chini huko kwenye taya. Ukibana kwa nguvu taya inainama kidogo, na kadiri unavyopima karibu na ncha ndivyo kosa linavyokua. Kwa hiyo ingiza kazi ndani, karibu na ubao, na ubane kwa kidole gumba bila hasira. Maikromita, ambayo Mfaransa Jean Laurent Palmer aliipatia hataza mwaka 1848, inaitii kanuni. Skrubu, kipimio na kazi viko mstari mmoja. Mzunguko mmoja wa skrubu ni 0.5 ya milimita, pipa lina vigawanyo 50, kila kimoja 0.01. Na ile sehemu ya nyuma inayolia trrr ipo ili nguvu ya kubana iwe ileile, uwe umelala vizuri au umegombana na mtu nyumbani.

Tatizo la maikromita ni kwamba kila moja hula milimita 25 tu. Ya 0–25 haitafungua kumeza shafti ya mpwa wangu. Unahitaji ya 25–50, na kwa nje ya beringi ya 62, ya 50–75. Kalipa moja ya milimita 150 inapita kote huko, na inapima nje, ndani na kina. Hapo ndipo kalipa inapomshinda maikromita vibaya sana, na ndiyo sababu karakana inaweza kuishi bila maikromita lakini haiwezi kuishi bila kalipa.

Dayo geji, ile saa yenye mshale inayokaa kwenye kitako cha sumaku, ni ya swali la pili. Haikuambii shafti ni milimita ngapi. Inakuambia imeyumba kiasi gani ikizungushwa, au imetofautiana vipi na kitu cha mfano. Kwa kawaida mzunguko mmoja ni milimita 1, kigawanyo kimoja 0.01, na zipo za 0.001. Ndiyo inayofichua uongo wa maikromita. Bomba jembamba likibanwa kwenye chaki ya meno matatu (kibanio cha mashine ya kukereza), likakerezwa, kisha likaachiwa, huwa linabaki na umbo la pembe tatu zilizofifia. Maikromita inagusa sehemu mbili zinazotazamana, na umbo la namna hiyo linaweza kutoa unene uleule kila unapolipima. Utasema ni duara. Lilaze kwenye kitalu chenye mfereji wa umbo la V, weka dayo geji juu, lizungushe taratibu: mshale utacheza mara tatu kwa mzunguko mmoja. Nimewahi kubishana na mteja nusu siku nzima kwa sababu ya bushi ya namna hiyo, wote wawili tukiwa na maikromita mkononi, na wote tukiwa tumekosea.

Kama una vitalu vya kupimia, vile vya chuma vilivyosuguliwa mpaka vinagandana (wazo la Mswidi Carl Edvard Johansson, 1896), basi dayo geji inakuwa na nguvu zaidi: unaiweka sifuri juu ya kitalu cha 30, kisha unaisogeza juu ya shafti. Sasa hupimi milimita 30, unapima tofauti ya maikroni chache tu, na hapo makosa mengi yanafutika yenyewe.

Halafu kuna geji za inapita-haipiti. Hazina namba. Upande mmoja uingie, wa pili ukatae. Kwa bushi mia mbili za aina moja, kijana asiye na uzoefu atakagua haraka na vizuri kuliko mimi na maikromita. Na mafundi wengi mtaani wanatumia beringi yenyewe kama geji, wanajaribu, wanakereza kidogo, wanajaribu. Wasomi huwacheka. Mimi siwacheki, mradi shafti imepoa.

| Kipimo | Kigawanyo kidogo | Kinafaa | Kinakuangusha |
|---|---|---|---|
| Rula ya chuma | 0.5 mm | kukata, kuchora | kila kinachovalishwa beringi |
| Kalipa | 0.02 au 0.01 mm | kazi nyingi za kila siku | toleransi chini ya 0.1 mm |
| Maikromita | 0.01 mm, nyingine 0.001 | shafti, unene wa bati | umbo lisilo duara, vipimo vingi tofauti |
| Dayo geji | 0.01 au 0.001 mm | kuyumba, kulinganisha | ukitaka jibu la "ni ngapi" |
| Geji ya inapita-haipiti | haina | bidhaa nyingi za aina moja | ukitaka kujua umekosea kwa kiasi gani |

Dunia nzima imekubaliana kwamba vipimo vya urefu vinatajwa kwa nyuzi joto 20. Asubuhi ya Julai hapa Arusha chuma ni baridi kuliko hapo, na Moshi mwezi wa pili ni joto kuliko hapo. Usiogope: kama kazi ni ya chuma na kipimo ni cha chuma, na vyote vimelala meza moja, vinanenepa pamoja na kosa karibu linajifuta. Hatari ni pistoni ya aluminiamu, maana aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Na hatari kubwa kuliko zote ni kitu cha moto.

Presha: hapa mlima unaingilia

Jambo hili vitabu vilivyoandikwa pwani au Ulaya havikukumbushi. Geji nyingi za presha zina ndani yake bomba bapa lililopindwa, la Mfaransa Eugène Bourdon wa 1849. Presha ikipanda bomba linajinyoosha, mshale unasogea. Lakini bomba hilo linahisi *tofauti* kati ya ndani na hewa ya nje. Ni kipimo cha swali la pili kilichovaa sura ya swali la kwanza.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa yetu inasukuma kwa kilopaskali 86 tu, wakati pwani ni 101. Moshi, iliyo chini yetu, ni karibu 92. Sasa fundi friji kaja kutoka Dar, anavuta hewa kwenye mfumo kwa pampu ya vakyumu, anasubiri mshale ufike karibu na bar 1 chini ya sifuri kama alivyozoea. Unagota kwenye 0.86 hivi. Anafungua pampu, anabadili mafuta, anailaumu pampu. Pampu ni nzima. Hakuna hewa zaidi ya kutoa. Kwa kazi hiyo geji ya kawaida haifai popote, na huku kwetu ndiyo haifai kabisa. Nunua kipimo cha vakyumu kinachosoma presha kamili kwa maikroni za zebaki (hapa ni kipimo cha presha, si cha urefu), ushuke mpaka 500. Hicho hakijali uko Kaloleni au Kariakoo.

Kwa matairi, tumia geji ile ile ya Bourdon au ya kalamu, inatosha. Ukishuka Dar na tairi uliyojaza 30 hapa, geji ya kule itasoma pungufu kama psi 2 kwa sababu ya hewa nzito, ingawa joto la pwani litarudisha sehemu ya hizo.

Na kama unahakiki kipima joto kwa maji yanayochemka, Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Usikisukume mpaka 100.

Umeme

Mita ya mshale na ya tarakimu zote zina nafasi. Ya tarakimu ina ukinzani mkubwa, mara nyingi megaohimu 10, kwa hiyo haisumbui saketi unayoipima. Lakini kwa sababu hiyohiyo inanasa volti mzuka: waya uliokatwa, uliolala sambamba na waya wenye moto, unaweza kukusomea volti 60 au 90 wakati hauna kitu. Mita nyingi za zamani za mshale hunyonya zaidi, na mzuka huo hushuka. Mshale pia unaonyesha mwendo, kama kapasita inavyojaa, jambo ambalo tarakimu zinazorukaruka hazikuonyeshi vizuri. Kwa kazi ya jumla, hata hivyo, chukua ya tarakimu.

Mbili za tarakimu zikiwa mezani, usiangalie idadi ya vitufe. Angalia daraja la usalama: CAT II ni kwa vifaa vya kuchomeka, CAT III ni kwa bodi ya umeme ya jengo, CAT IV ni kule umeme unakoingilia. Zile za bei poa kabisa zina maandishi madogo kwamba tundu la ampea 10 halina fyuzi. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau waya kwenye tundu la ampea nikaenda kupima volti za soketi. Mita niliyokuwa nayo ilikuwa na fyuzi, ndiyo maana bado nina vidole vya kuandika haya.

Angalia pia kama inasoma thamani halisi ya mawimbi. Mita za kawaida hupiga hesabu zikidhani wimbi ni laini. Kwenye mkondo wa kompyuta na taa za kisasa zinaweza kusoma pungufu kwa asilimia 30 au 40.

Na usidhani mita inachukua nafasi ya mega, kile kipima insulesheni cha volti kubwa. Mota ya pampu iliyonyeshewa ukiipima kwa mita, yenye volti chache za betri, itasema insulesheni ni nzima. Mega inaibana kwa volti 500 na ukweli unatoka. Chini ya megaohimu 1, ianike kwanza.

Kipima joto cha bastola, kile cha kulenga kwa mwanga, kinapima haraka ila kinadanganywa na chuma kinachong'aa, kinasoma baridi kuliko hali halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri, lenga hapo. Kwa mafuta ya moto au ndani ya tanuri, tumia thamokapo, kipima joto cha waya, inayogusa.

Nani anahakiki?

Mizani ya duka, pampu za mafuta na vipimo vingine vya kuuzia ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na ile stika yao haihusu maikromita yako. Ugezi wa vipimo vya viwandani, yaani kuvilinganisha na vipimo vya kuaminika, unafanywa na maabara ya TBS, Shirika la Viwango. Kwa karakana ndogo, kuwa angalau na kitalu kimoja kilichopita kwenye ugezi, na kila Jumatatu ukiguse kwa kila kipimo ulichonacho.

Nilimwambia mpwa wangu aiweke kalipa yake, asiiuze, na hela aliyonayo aielekeze kwenye maikromita ya 25–50 iliyotumika lakini nzima, ije na kile kijiti chake cha 25 cha kuwekea sifuri. Dayo geji ataazima kwangu mpaka apate kazi. Mita ya umeme asubiri. Yeye si fundi umeme.

Shafti tuliijaza kwa kulehemu, akaikereza upya. Akataka kupima palepale, nikamnyang'anya maikromita nikaiweka mfukoni. Tukanywa chai na chapati kwa mama wa jirani, tukazungumza habari za nyumbani, mpaka chuma kikawa hakina joto mkononi. Ndipo nikamrudishia. Akabana, trrr, akasoma mara mbili, akacheka: 30.01.